Saa Mbili za Kumngoja Manang Delia

Saa nne kamili asubuhi ya Jumapili, Nenita Sumalpong alikuwa ameshafika Bustani ya Mimea, ametandika mkeka, amepanga sahani saba, na amefunua sufuria ya pansiti kuangalia kama tambi zimeanza kugandana. Zilikuwa bado. Zingegandana baadaye, maana katika walaji saba alikuwa amefika mmoja, naye ndiye mpishi.

Akampigia simu Manang Delia. Manang ni dada mkubwa, na Delia alikuwa dada mkubwa wa kila mwanamke aliyetoka kwao visiwani, pande za Iloilo, kuja kufanya kazi za ndani Singapuri, apende asipende.

"Niko njiani," Delia akasema.

"Njiani wapi, Manang?"

"Njiani tu, Inday, mdogo wangu. Anza kupumzika." Simu ikakatwa.

Akampigia Rowena, mcheshi wao, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa. Rowena naye alikuwa njiani. Alisema basi limekwama, foleni haijawahi kuonekana, na huku nyuma ya sauti yake kijiko kikagonga kikombe waziwazi. Nenita akajiuliza ni basi gani hilo linalotia watu chai.

Hayo yalikuwa mambo ya kila Jumapili, mwaka wa sita sasa. Wakisema saa nne, wenzake hutokea saa sita, wamenyoosha nywele, wanacheka, wala hakuna anayeomba radhi. Nenita huwanunia kwa dakika kumi, kisha hula nao. Kabla ya hapo, kwa zile saa mbili, hakuwa na la kufanya. Alivua viatu. Alilala chali akitazama majani. Alimpigia simu mama yake Tigbauan wakaongea mambo ya kuku. Kenge mkubwa alipita na ulimi wake, wakatazamana, kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Mara nyingi usingizi ulimchukua, akaamka na alama za mkeka shavuni. Na alipoamka alikumbuka kukasirika, akaanza upya.

Usidhani alizaliwa hivyo. Kwao Tigbauan alikuwa akichelewa kama binadamu wengine. Aliyemharibu ni Madam Gwee.

Madam Gwee kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za treni, na jioni alirudi nyumbani bila kuiacha ofisini. Kwenye mlango wa friji alibandika ubao mweupe, na kwenye ubao huo siku ya Nenita ilikatwa vipande vya robo saa: uji wa Ah Ma, nguo za Ah Ma, sakafu, soko, supu, miguu ya Ah Ma ikandwe. Ah Ma ni mama yake mzazi, bibi mnene wa kucheka ovyo, ambaye hakuwahi kuusoma ubao kwa sababu aliiweka miwani yake mbali makusudi. Madam hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Hakufoka, hakunyima chakula, na Jumapili ya Nenita alimpa kila wiki. Ila nafasi tupu kwenye ubao ilimwasha mwili. Kila Jumamosi jioni alishika kalamu akauliza, "Kesho miadi yako saa ngapi?" Nenita akijibu saa nne, Madam hutoa dakika ishirini na tano za kutembea na treni, halafu huandika: saa tatu na dakika thelathini na tano, Nenita kutoka. Haikuwa thelathini na nne.

Mara moja tu, siku waliyokwenda sinema, Nenita alijibu kwamba miadi ni saa sita. Madam akaandika kutoka ni saa tano na thelathini na tano, na zile saa mbili zilizobaki mbele akazijazia madirisha na mapangaboi. Nenita alifika sinema mikono inanuka siki, akalala filamu nzima.

Kudanganya saa hakuweza. Hakuweza kudanganya chochote. Akijaribu, mkono wa kulia hupanda wenyewe kukuna sikio, na hata Ah Ma asiye na miwani huuona.

Jumapili hiyo walipokwisha kula, Delia alifuta midomo, akasema anarudi nyumbani. Wakadhani likizo. Akasema hapana, anarudi moja kwa moja. Watoto aliowalea kwa miaka kumi na tisa wameshakuwa wanaume, mmoja ana ndevu, na yeye magoti yamechoka kupanda ngazi za watu. Anarudi Miagao kufuga nguruwe. Ndege ni Jumapili ya wiki mbili zijazo, jioni. Mchana huo wataagana hapahapa, mkutano saa nne, na saa tisa kamili gari litamchukua hapo getini kwenda uwanja wa ndege.

Nenita alianza kukusanya sahani. Alikuwa amekumbuka wiki yake ya kwanza Singapuri, alivyokaa kwenye ukingo wa njia bustani hiihii akilia mpaka kwikwi zikamziba pumzi, na mwanamke mfupi mwenye mwavuli akasimama mbele yake akamuuliza kwa Kihiligaynon chao kama analilia mtu au analilia chakula. Nenita alijibu chakula. Mwanamke akampa muwa wa kutafuna na kumkalia kando mpaka jua lilipogeuka. Hakuna ndugu aliyewahi kumfanyia hivyo. Basi alipofika nyumbani jioni alikwenda moja kwa moja kwenye ubao aombe Jumapili ile aandikiwe mapema, kwa kalamu nene.

Ubao ulikuwa umeshajaa. Jumapili ile ile Madam alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Ah Ma miaka themanini. Wageni ishirini na wawili, chakula saa sita mchana.

Madam alieleza kwa upole kabisa. Siku hiyo hawezi bila Nenita, ila hatamdhulumu. Atampa Jumatatu yote, asubuhi mpaka jioni. Alisema hivyo kama anayetoa zawadi. Jumatatu! Jumatatu kila rafiki wa Nenita yumo ndani ya apuroni, na Delia atakuwa ameshalala kitandani kwake Miagao. Nenita alisimama na taulo ya vyombo mkononi. Miaka sita katika nyumba ile hajawahi kukataa kitu, na sasa neno lenyewe hakujua linaanzia wapi.

"Madam," akasema, "Manang Delia anaondoka, harudi tena. Saa tisa gari linamchukua. Nikimkosa, nimemkosa."

Madam alimtazama, akautazama ubao. Mtu mwingine angeuliza Delia ni nani. Madam aliuliza kutoka bustanini hadi getini ni dakika ngapi. Kisha akaanza kuhesabu kwa midomo: wageni saa sita, tambi saa sita na robo, mayai mekundu ya heri, keki, picha, vyombo vya kwanza. Akaandika: saa saba na nusu, Nenita kutoka. Akapigia mstari chini yake.

Nenita akampa Delia habari. Delia akasema vizuri, na wengine wote atawaambia waje saa nane, inatosha, watu huagana kwa dakika tano, zinazobaki ni makamasi. Ila kwa Nenita saa moja ile ndiyo ilikuwa yote aliyobakiwa nayo, na wiki mbili nzima aliibeba kichwani kama yai.

Siku ikafika. Saa sita mchana, wageni waliofika walikuwa wanne.

Hapo ndipo Nenita alipogundua kwamba ukoo wa Gwee, ukimtoa Madam, ni watu wa kawaida. Mjomba mkubwa, ambaye bila yeye hakiliwi kitu, alipiga simu kusema yuko njiani. Shangazi wa Jurong alikuwa njiani. Binamu mwenye keki alikuwa njiani. Tambi za maisha marefu hazichemshwi kabla ya wageni kukaa, maana zikikaa zinakatika, na siku kama ile nani atake kumkatia bibi miaka yake? Maji yalichemka, yakapunguzwa moto, yakachemka tena. Madam alizunguka sebuleni akiwa amevaa gauni la hariri, simu sikioni, na kila dakika tano alikuja jikoni kuutazama ubao kama vile kosa lilikuwa la ubao. Nenita alimwonea huruma. Ugonjwa ule aliujua vizuri, tena kwa mkeka.

Saa saba na robo mjomba akaingia, anacheka, ananukia sabuni, na wala hakuomba radhi. Tambi zikaingia majini. Nenita akagawa bakuli ishirini na mbili. Sinki lilikuwa limejaa hadi juu, keki haijakatwa, picha hazijapigwa, na wale watoto wa ukoo walikuwa wamemwaga supu ya nguruwe kwenye zulia. Saa ya ukutani ikasema saa saba na dakika ishirini na tisa.

Akavua apuroni. Madam alikuwa mlangoni pa jikoni.

"Nenita. Vyombo vyote hivi."

"Ndiyo, Madam."

"Na zulia."

"Ndiyo, Madam." Kisha akasema kitu ambacho baadaye hakuamini kwamba ni yeye aliyekisema. "Lakini imeandikwa saa saba na nusu."

Madam akageuka kuutazama ubao. Maandishi yalikuwa yake, na mstari chini yake ulikuwa wake. Sebuleni walikuwa wakimwita kwa sauti saba tofauti. Na mwanamke yule, ambaye hajawahi kuiacha treni hata moja ichelewe kwa sababu abiria wamependa, akaiokota apuroni kutoka kwenye kiti akaivaa juu ya hariri.

"Thelathini," akasema. "Nenda."

Ah Ma, ambaye alikuwa ameona yote bila miwani, akamtupia Nenita mayai mawili mekundu kwenye mfuko wakati akipita.

Alikimbia. Alikimbia kwenye ngazi za stesheni, alikimbia ndani ya treni akiwa amesimama, yaani alikuwa akikanyaga papo hapo kama anaota. Kwenye saa nane kasoro dakika tatu akaiona sehemu yao, akapunguza mbio. Hakukuwa na kundi wala zogo, na sauti ya Rowena haikusikika. Palikuwa na mkeka mmoja, na juu ya mkeka masanduku mawili yaliyofungwa kamba, na katikati ya masanduku mwanamke mfupi amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

Nenita akamtikisa. Delia akafumbua jicho moja.

"Umechelewa," akasema.

"Wengine wako wapi?"

"Wako njiani." Akaketi, akajifuta mate. Alikuwa na alama za mkeka shavuni. "Mimi niko hapa tangu saa nne kamili."

Nenita akadhani hakusikia vizuri. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona Delia akiwa popote saa nne kamili. Akamuuliza alifuata nini mapema hivyo na hali alijua yeye atakuja saa nane.

"Nilitaka kuonja," Delia akasema. "Miaka sita nawapa watu kitu, mwenyewe sijakionja. Inday, ni kitamu. Nimelala. Nimeongea na kaka yangu habari za nguruwe. Limepita lile jini lako la ulimi, tukatazamana. Hakuna mtu aliyeniita. Hujui tu, miaka kumi na tisa mimi sijawahi kukaa mahali mtu asiniite."

Nenita alikuwa bado anahema, kwa hiyo Delia akamwambia taratibu. Jumapili ile ya zamani, wiki chache baada ya kilio na muwa, Delia alipita bustanini mapema kwa bahati tu. Akamkuta Nenita kwenye mkeka, amelala usingizi wa mtu aliyezimia, viatu chini ya kichwa na mkono mmoja umeikumbatia sufuria. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Delia hakumwamsha. Wengine walipokuja aliwazuia getini mpaka saa sita. Na aliposikia habari za ule ubao, kwamba Madam anamtoa mtu kwa kuhesabu kutoka saa ya miadi, akajua la kufanya. Tangu siku hiyo wenzao wote wanaambiwa saa sita. Nenita peke yake ndiye anayeambiwa saa nne.

"Kwa hiyo Rowena hachelewi," Nenita akasema polepole.

"Rowena anachelewa sana. Lakini anachelewa saa sita."

"Na kile kikombe? Nilisikia kijiko."

"Mgahawa wa getini. Mimi na yeye tulikuwa tunakaa pale tukikuchungulia, usije ukaibiwa sufuria. Amekunywa kahawa mpaka ana vidonda vya tumbo kwa ajili yako, mshukuru."

Nenita alikasirika. Tusiseme alifurahi papo hapo, kwa sababu hakufurahi. Alikumbuka Jumapili zote zile, majina yote aliyomwita Delia moyoni, mengine hayafai hata kutajwa mbele ya kenge. Akamwambia kwamba miaka sita amemlaani. Akamuuliza kwa nini asimwambie tu.

"Nikwambie, halafu Jumamosi Madam akuulize miadi saa ngapi?" Delia akaushika mkono wa kulia wa Nenita, ambao haukuwa umefanya kosa lolote. "Na huu mkono wako? Ungekuwa unasugua madirisha mpaka leo. Ilibidi mtu mwingine awe mwongo. Mimi uongo nauweza."

Ndipo Nenita alipolia, na kicheko kikatokea katikati ya kilio, vikagombana puani. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kujua, na alikuwa amelijua hilo wakiwa wamebakiwa na dakika hamsini. Walimenya mayai ya Ah Ma wakala. Delia alimwekea kichwa begani, kizito, kinachonuka rangi ya nywele, na wakatazama majani.

Wengine walifika saa tisa kasoro dakika kumi, wanakimbia, Rowena mbele akipiga kelele kwamba basi limekwama. Safari hii lilikuwa limekwama kweli, hakuna aliyemwamini. Zikapigwa picha arobaini, na katika zote kuna mtu analia na Rowena amefumba macho. Gari likaja kwa wakati. Delia akaingia na masanduku yake, akashusha kioo, akamtupia Nenita mkeka.

"Tutaonana," akasema.

"Utakuja lini?"

"Niko njiani," Delia akasema, na gari likaondoka.

Wiki hiyo Rowena alituma ujumbe rasmi. Kwa kuwa siri imekwisha na yeye tumbo lake linahitaji kupona, mkutano wa Jumapili sasa ni saa sita kwa kila mtu, Nenita akiwemo, na pansiti ije ya moto.

Jumamosi jioni Madam Gwee akashika kalamu. Tangu siku ya Ah Ma alikuwa na namna mpya ya kumtazama Nenita, ya watu wawili waliowahi kungoja pamoja, lakini ubao ni ubao.

"Kesho miadi yako saa ngapi?"

Nenita alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu alasiri. Alisubiri mpaka akaona kalamu inachukuliwa, ndipo akanyanyua karai la maji ya miguu ya Ah Ma, limejaa hadi ukingoni, kwa mikono miwili.

"Saa nne, Madam."

Sikio la kulia likawasha kama limeng'atwa na siafu. Maji yalicheza kwenye karai lakini hayakumwagika. Ah Ma, kwenye kiti chake, akaanza kukohoa kikohozi kirefu ambacho kilikuwa kicheko. Madam aliandika: saa tatu na dakika thelathini na tano.

Jumapili, saa sita na dakika tano, simu ililia. Rowena alitaka kujua huyu mtu wa kufika mapema leo kapatwa na nini. Wote wamefika, wamekaa, wana njaa, na mkeka haupo wala pansiti haipo.

Upande wa pili wa bustani, nyuma ya mianzi ambako hakuna anayepita, Nenita alikuwa amelala chali kwenye mkeka wa Delia, viatu kando, sufuria pembeni, tangu saa nne kamili. Alisikiliza mpaka Rowena akamaliza.

"Niko njiani, shoga," akasema, na mkono wa kulia ukapanda ukakuna sikio, polepole, kwa raha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuona.